Mifupa ya kuruta katika wiki za mwanzo JKT

Mwezi Mei kidato cha sita wakimaliza mtihani, huku kwetu Kusini mikorosho inakaribia kupuliziwa salfa, na majina ya vijana wa mujibu wa sheria, yaani wahitimu wanaotakiwa kwenda mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), yanatoka. Mmoja anapangiwa kambi ya Nachingwea, karibu na nyumbani, mwingine Mlale, mwingine Bulombora kule Kigoma. Wazazi wanakimbilia dukani kutafuta bukta ya bluu iliyokoza, fulana ya kijani, raba, shuka na soksi ndefu nyeusi. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia hapa Mtwara, na kila ninapoona pilikapilika hizo nawaza kitu ambacho hakimo kwenye orodha: mifupa ya miguu ya huyo kijana.

JKT ilianzishwa tarehe 10 Julai 1963. Utaratibu wa lazima kwa wasomi ulisitishwa mwaka 1994, ukarudi mwaka 2013, na wahitimu wa kidato cha sita sasa hukaa kambini miezi mitatu. Naupenda utaratibu huu, na nataka kijana aingie na atoke mzima.

Kuruta anayeingia getini ametoka kukaa kwenye dawati miezi mingi. Siku chache baadaye anaamshwa alfajiri kwa mchakamchaka, anaimba chenja (nyimbo za mchakamchaka), halafu kwata (gwaride), halafu fatiki (kazi za mikono), na usiku huenda akawa lindo. Moyo na mapafu huzoea haraka: wiki ya pili tu utamsikia akisema pumzi imefunguka. Misuli nayo hufuata. Mfupa ndio unaochelewa. Ukipigwapigwa na mzigo mpya, mwili huanza kwa kuchimba na kuondoa sehemu zilizochoka, kazi inayochukua kama wiki tatu, ndipo hujaza mfupa mpya, na ujazaji huo huchukua miezi. Mfano wake ni fundi anayebomoa ukuta mbovu kabla tofali mpya hazijafika. Kwa hiyo wiki ya tatu na ya nne, kijana akijiona sasa ni komando, mfupa wake unaweza kuwa dhaifu kuliko siku aliyoripoti. Hapo ndipo nyufa hutokea, hasa kwenye ugoko na kwenye mifupa ya wayo. Si jambo la vijana wa siku hizi: tangu mwaka 1855 daktari wa jeshi la Prussia, dola ya zamani ya Kijerumani, aitwaye Breithaupt alieleza miguu iliyovimba ya askari waliotembea sana.

Namna ya kutofautisha maumivu naomba uishike vizuri. Maumivu ya misuli huenea, mara nyingi miguu yote miwili, hupungua ukipasha mwili moto, na baada ya siku mbili tatu yanaisha. Ufa wa mfupa una mahali pake. Unaweza kuweka kidole kimoja na kusema ni hapa. Huongezeka kadiri unavyokimbia, kisha hukufuata hadi kwenye hanga (bweni la kambini) usiku. Ukiruka kwa mguu huo mmoja, unashtuka.

Na picha ya eksirei katika wiki mbili tatu za mwanzo mara nyingi haionyeshi kitu. Hili huwaumiza vijana wengi, kwa sababu picha ikiwa safi wanaonekana wanategea. Picha safi haimaanishi mfupa mzima. Mwenye dalili hizo apewe ED (ruhusa ya daktari ya kutofanya kazi na mazoezi) na apumzishwe kukimbia. Ufa wa ugoko ukipumzishwa mapema hupona katika wiki sita hadi nane hivi. Ukilazimishwa unaweza kuvunjika kabisa. Maumivu ya kinena au nyonga kila ukikanyaga ni ya kuharakishwa zaidi, maana shingo ya paja ikivunjika huenda ukahitaji upasuaji. Kuruta wa kike mfupi asipanue hatua kupita kiasi ili amfikie mrefu mbele yake. Hatua ya namna hiyo huchosha mifupa ya nyonga.

Jambo jingine ni mkojo. Baada ya kichurachura nyingi (kuruka umechuchumaa kama chura), misuli ya mapaja ikivimba na kukakamaa na mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi, hiyo ni dharura. Misuli imevunjika na mabaki yake yanaziba figo. Zahanati ya kikosi siku hiyohiyo, bila kungoja asubuhi. Mwenye selimundu, au ambaye kwao ipo, aseme mapema kwa daktari wa kambi.

Maandalizi yaanze mara baada ya mtihani. Tembea haraka wiki ya kwanza, kisha changanya kutembea na kukimbia kidogo, ukiongeza taratibu na kupumzika siku moja kati. Kimbia kwenye barabara ya vumbi iliyoshindiliwa. Vijana wa Mtwara mnapenda mchanga wa ufukwe wa Shangani, lakini mchanga laini huvuta sana kano ya kisigino kwa asiyeuzoea. Raba zinunuliwe mapema na zivaliwe nyumbani hadi ziwe laini. Lengelenge likitokea usibandue ngozi yake, lifunike. Kula ushibe, na binti ambaye hedhi imesimama kwa kula kidogo na kazi nyingi ajue kuwa mifupa yake nayo inapungukiwa.

Ukifika kambini, usiseme tu "naumwa mguu." Sema: "Afande, naumwa hapa, tangu juzi, nikikimbia inazidi," huku umeweka kidole mahali penyewe. Wakufunzi wanaona vijana wengi, na maelezo ya namna hiyo huwasaidia kukupeleka zahanati bila mashaka. Wazazi, mwanenu akirudi nyumbani bado anachechemea, mpelekeni akaonwe kabla hajapanda basi la kwenda chuoni.