Je, wajua? Kadi ya 2016 inavyotoa picha ambayo haijaichora yote

Swali lilianza kama ubishi. Nina kompyuta ya mezani yenye GTX 1060 ya NVIDIA, kadi ya kuchora picha iliyotoka 2016, memori GB 6, na gemu la Cyberpunk 2077 kwenye 1080p ilikuwa inajikongoja kama daladala ya Igoma siku ya mvua. Nikaamua kubadilisha kadi. Kuuliza bei duka moja mjini nikatajiwa hela ambayo ni kodi yangu ya miezi sita, tena kadi yenyewe ya mtumba, huwezi jua kama ilishachimba kripto usiku na mchana au la. Dogo mmoja tuliyepanga nae nyumba moja hapa Nyegezi, Mwanza, akaniambia, "Kaka, kabla hujatoa hela washa FSR kwanza, weka Quality." FSR ni mpangilio wa ndani ya gemu uliotengenezwa na AMD, na Quality ni moja ya ngazi zake. Nikacheka. Nikamjibu kikubwa kabisa kwamba hiyo ni kuvuta picha ndogo iwe kubwa, ni sawa na picha ya WhatsApp iliyoforwadiwa mara kumi halafu mtu akaenda kuiprinti bango, ukubwa unaongezeka ila sura inabaki uji. Dogo hakubishana. Akasema tu, "Sawa kaka, ila jaribu."

Nikajaribu, zaidi ili nimwonyeshe. Gemu likatoka fremu (yaani picha) 30 na ushee kwa sekunde likawa linagusa 45, nikasogeza pua mpaka karibu na kioo natafuta ule uji wangu na siuoni pale nilipoutegemea, mabango ya mle mjini yanasomeka, nywele za watu ni nywele. Hapo ndo nikajua kuna kitu nimekuwa nakiongea kwa kujiamini miaka yote na sikijui.

Tuweke hesabu mezani kwanza. Skrini ya 1080p ni pikseli 1920 kwa 1080, jumla 2,073,600. Ukiwasha FSR kwa Quality, kadi inachora gemu kwa 1280 kwa 720, yaani pikseli 921,600, hiyo ni kama asilimia 44 tu ya kazi ya kuchora. Zilizobaki zinajazwa na hatua inayokuja baadae, na hiyo hatua ndo apskelingi. Haimaanishi FPS (fremu kwa sekunde) zitapanda zaidi ya mara mbili, maana hatua yenyewe inakula muda wake na kuna kazi nyingine kwenye gemu ambazo hazijali picha ni kubwa au ndogo. Ila nafuu ipo.

Sasa hizo asilimia 56 zinatoka wapi? Jibu langu la zamani lilikuwa "zinakisiwa", na sikulitoa hewani. DLSS ya kwanza, apskelingi ya NVIDIA, ilitangazwa 2018 pamoja na kadi za RTX 20, ilikuwa inafundishwa gemu moja moja na watu walilalamika sana kwamba picha ina ukungu. Halafu Juni 2021 AMD wakaleta FSR ya kwanza ambayo ilikuwa inachukua fremu moja, hiyo hiyo moja, inatafuta kingo za vitu, inazinyoosha, inakoleza makali, basi. Hakuna taarifa mpya iliyoingia popote, ni picha ndogo iliyovalishwa suti. Kwa hiyo kama na wewe uliwahi kuiwasha enzi zile ukakunja sura, hukukosea kuona ulichokiona, kosa (langu mimi, na naona wengi) ni kudhani kilichokuja baadae ni kile kile kimeongezewa namba.

Kuna na kosa la upande wa pili, na hili nakutana nalo zaidi siku hizi: mtu anakwambia hizo ni AI, inabuni majani na matofali ambayo hayapo, unacheza ndoto ya kompyuta. Hili linasikika la kisasa ila nalo halijakaa sawa. FSR 2, iliyotoka Mei 2022 na ndo iliyoniaibisha mimi, haina AI hata punje. Ni kanuni zimeandikwa kwa mkono, kodi yake (msimbo wa programu) AMD waliiweka wazi mwaka huo huo, ukitaka kaisome. Na bado inafufua waya mwembamba ambao kwenye fremu ya 720p haukuwepo. Bila kubuni. Nilikaa na hiyo siku mbili hainiingii.

Iliniingia nilipoelewa pikseli ni nini hasa. Mimi nilikuwa naiwaza kama kigae, kompyuta inakiangalia chote inapata rangi ya wastani. Hapana. Kwa kawaida kwa kila pikseli inatoboa tundu moja tu, katikati, inauliza hapa pana rangi gani, ikijibiwa kigae kizima kinapakwa rangi hiyo. Kilichopo pembeni ya tundu hakikuulizwa kabisa. Ndo maana waya wa umeme kwa mbali kwenye gemu unaonekana umekatika katika, tundu hili limeudaka, linalofuata limeukosa.

Chukulia umekaa kwenye kibanda cha chai jirani na kivuko cha Kamanga, na kati yako na ziwa kuna uzio wa mabanzi, nafasi kati ya banzi na banzi ni kama upana wa kidole. Ukituliza kichwa, Jiwe la Bismarck, lile jiwe kubwa la ziwani, unalipata kwa michirizi: jiwe, banzi, jiwe, banzi. Mtu akikwambia lichore hapo hapo, kilichojificha nyuma ya mbao utakikisia tu, na hiyo ndo FSR ya kwanza. Lakini sogeza kichwa kushoto kidogo, hata nusu kidole. Michirizi mingine inatokea. Sogeza tena. Ukishacheza na kichwa mara kadhaa jiwe lote unalo, na hakuna kipande hata kimoja ulichokitunga, kila kimoja umekiona kwa macho yako, tofauti ni kwamba hukuviona kwa wakati mmoja.

Gemu linafanya hivyo na kamera. Kila fremu kamera inasukumwa kidogo, chini ya upana wa pikseli moja, matundu yanaangukia sehemu mpya, majibu yanawekwa akiba na kuchanganywa na ya fremu zilizopita. Misukumo yenyewe haiendi ovyo, inafuata mpangilio wa kihesabu unaoitwa mfuatano wa Halton, kazi yake ni kuhakikisha matundu yanasambaa vizuri badala ya kurundikana kona moja. Wewe huoni skrini ikitetemeka kwa sababu programu inajua imesukuma kiasi gani na inarudisha kiasi hicho hicho.

Na hapa ndo penye raha yangu. Maelekezo ya FSR 2 kwa Quality yanataka nafasi 18 tofauti kabla ya kurudia mwanzo, ambazo kwa fremu 60 kwa sekunde zinaisha ndani ya sekunde 0.3. Pikseli moja ya 720p inafunika pikseli 2.25 za 1080p. Gawa 18 kwa 2.25 unapata 8. Yaani ukisimama kimya sekunde 0.3, kila pikseli unayoiona imeulizwa kama mara 8, wakati 1080p yenyewe, ikichorwa kavu bila msaada, inaulizwa mara 1. Ndo maana kuna sehemu picha iliyokuzwa inaonekana nzuri kuliko ya ukubwa halisi, kitu ambacho nilikuwa nakiona ni uongo wa matangazo. Usikimbie nacho mbali lakini, hesabu hiyo ni ya mahali palipotulia, na magemu mengi ya sasa hata kwenye ukubwa halisi yanatumia ujanja huu huu wa kukumbuka fremu ili kulainisha kingo, kwa hiyo sio 8 kwa 1 ya kweli kweli.

Ujanja wenyewe wala haukuzaliwa kwenye magemu. Desemba 1995 darubini ya Hubble ilikodolea kipande kidogo cha anga kwa siku kumi, ikawa inasogezwa kidogo kati ya picha na picha, halafu zikaunganishwa kupata picha yenye undani kuliko ambao kamera yake ingetoa kwa mpigo mmoja. Wao walikuwa na siku kumi, kadi yangu ina milisekunde chache, lakini kichwa kinasogezwa nyuma ya uzio ule ule.

Tatizo ni kwamba ziwa halitulii kama nyota. Wakati unasogeza kichwa feri nayo inaondoka kuelekea Kamanga, na ukiunganisha vipande vya sasa na vya muda uliopita unapata feri yenye mkia. Kwa hiyo gemu linaipa apskelingi kitu cha ziada, kwa kila pikseli kuna mshale unaosema hiki kilichopo hapa, fremu iliyopita kilikuwa pale, basi kumbukumbu inachukuliwa kutoka pale na sio hapa. Feri ikishapita, yale maji yaliyokuwa nyuma yake yanatokea kwa mara ya kwanza na hayana kumbukumbu yoyote, hapo programu lazima ijue kutupa. FSR 2 inapima kwa majirani: kama akiba inasema nyeupe ya feri na matundu yote ya karibu sasa hivi yanasema bluu ya maji, akiba imechacha, toa. Sehemu hiyo itaonekana chafu kwa fremu chache mpaka ikusanye upya.

Vitu visivyo na mshale ndo vinavyoharibu sherehe. Moshi, mvua, cheche, vioo, maji yanayometameta, mara nyingi gemu halitoi mshale wake sawasawa, na ndo hapo unaona vivuli vinafuata vitu kama mzimu.

AI basi inaingia wapi? Kuanzia DLSS 2 ya Machi 2020, na FSR 4 ya 2025 kwa kadi mpya za AMD, ile kazi ya kuamua akiba ipi iaminiwe na ipi itupwe imepewa mtandao wa neva, yaani programu ya AI iliyofundishwa kwa picha nyingi badala ya kanuni za mkono. Mi namwona ni hakimu zaidi kuliko mchoraji, ushahidi wenyewe ni ule ule, matundu na mishale. NVIDIA hawajauweka mtandao wao wazi kama AMD walivyoweka kodi ya FSR 2, kwa hiyo sitaapa kwamba hakimu hajawahi kushika penseli, na pale pasipo na kumbukumbu kila njia inakisia tu, ya AI au ya mkono.

Kichekesho ni kwamba DLSS inataka kadi za RTX na yangu ni GTX, kwa hiyo mimi mteja wa NVIDIA tangu 2016 nimeokolewa na AMD, mshindani wao. Na nikichoka na FSR kuna XeSS, apskelingi ya Intel, nayo inakubali kadi yangu. Kampuni tatu, na iliyoniuzia kadi ndo pekee ambayo sitakiwi kuiuliza.

Usichanganye haya na ile ya kutengeneza fremu nzima kati ya fremu mbili, ambayo ilianza na DLSS 3 mwaka 2022. Pale lazima fremu halisi izuiliwe kidogo ili ya katikati ipatikane, mkono unahisi uzito, na kama unaanzia fremu 25 utapata gemu linaloonekana laini ila linasikika zito. Ni mada nyingine.

Kuna siku lakini dogo angenishauri apskelingi na angekuwa amekosea. Kama prosesa ndo inayochelewesha, kupunguza pikseli hakusaidii kitu, na kujua ni rahisi: shusha resolusheni mpaka 720p, FPS zisipopanda kadi haina kesi. Memori ya kadi ikijaa pia nafuu ni ndogo, maana picha za kubandika kwenye kuta na ngozi zinakaa na uzito wao ule ule. Magemu mengine yanadai kifaa chenyewe, mfano Indiana Jones and the Great Circle ya Desemba 2024 inahitaji kadi yenye sehemu maalumu ya kufuatilia mwanga, GTX 1060 haiwashi hata menyu. Na kwenye 1080p usishuke mpaka ngazi ya Performance ukategemea miujiza, hapo kadi inachora 960 kwa 540, robo ya pikseli, matundu ni machache mno kitu kikianza kutembea. Performance inapendeza kwenye 4K kwa sababu robo yake ni 1080p nzima.

Ukitaka kuuona uzio wa mabanzi kwa macho yako, weka hiyo hiyo Performance makusudi. Tafuta kwenye gemu uzio wa waya au nguzo za umeme kwa mbali, zungusha kamera kwa nguvu halafu achia maus ghafla. Waya utaanza na vipande vipande vinavyorukaruka, na kabla hujapepesa mara mbili vinashikana kuwa mstari mmoja. Mimi nilirudia kama mara ishirini, dogo akapita mlangoni akauliza kaka unacheza au unafanya nini, mbona umesimama tu unaangalia nguzo.