Maana ya "timu ya ridhaa ya wakubwa": Wala Moshi wa Trail

Ukisoma habari za zamani za hoki ya barafuni nchini Canada utakutana mara kwa mara na timu zinazoitwa za ridhaa, daraja la wakubwa. Msomaji wa leo huwaza haraka kwamba hao ni wazee wanaonyoosha viungo siku ya Jumapili. Hapana. Kuanzia 1920 hadi 1963 timu za aina hiyo ndizo zilizovaa jezi ya Canada kwenye Olimpiki na kwenye mashindano ya dunia, na mara nyingi zilirudi na dhahabu. Zilitoka kwenye miji ya migodi, viwanda na reli, na wachezaji wake walikuwa na kibarua cha kuamkia asubuhi.

Tuyachukue maneno yenyewe, maana yote mawili yanateleza.

"Wakubwa" ni habari ya umri tu. Hoki ya Canada imegawanywa kwa rika. Watoto wana madaraja yao, kisha kuna vijana, ambao ukomo wao ni miaka 20 hivi. Ukishapita hapo na hujasajiliwa na klabu ya kulipwa, wewe ni mchezaji wa daraja la wakubwa, hata kama una miaka 22 na mbio za swala.

"Ridhaa" tunalijua. Tumekua na soka la ridhaa na ngumi za ridhaa: mtu anacheza kwa mapenzi yake na mchezo haumlipi mshahara. Ice Lions wa Nairobi, waliojifunzia hoki kwenye uwanja mdogo wa barafu wa hoteli ya Panari, ni watu wa ridhaa kwa maana hiyo safi kabisa. Kule Canada, hata hivyo, neno hili lilibeba uzito zaidi. Lilikuwa hadhi ya kisheria ndani ya chama cha mchezo. Ungeweza kuipoteza kwa kusaini mkataba wa kulipwa, na baadaye ukaiomba tena na kurejeshewa.

Kwa nini ikawa hivyo? Jibu liko kwenye makombe mawili. Mwaka 1892 Lord Stanley, Gavana Mkuu wa Canada, alitangaza kutoa kombe kwa ajili ya timu bora ya hoki nchini, na wakati huo wachezaji wote walikuwa wa ridhaa. Miaka haikupita mingi fedha zikaingia, klabu zikaanza kulipa, na Kombe la Stanley likaangukia mikononi mwa wanaolipwa. Wale wa ridhaa wakabaki bila cha kugombea. Ndipo mwaka 1908 tajiri wa Montreal, Sir Montagu Allan, akatoa kombe lingine kwa ajili yao. Kombe la Allan ndilo likawa kilele cha hoki ya wakubwa, na bingwa wake mara nyingi ndiye aliyeteuliwa kwenda kuiwakilisha nchi ng'ambo.

Hapa pana jambo linalowachanganya wengi. Canada haikuwa na timu ya taifa tunavyoielewa sisi, ile ya kocha kuita wachezaji kutoka kila klabu. Ilichukua klabu moja nzima, pengine ikaongezewa watu wawili watatu, ikaipandisha melini. Mwaka 1920 huko Antwerp ilikwenda Winnipeg Falcons, timu ambayo karibu wote walikuwa watoto wa wahamiaji kutoka Iceland, nayo ikatwaa dhahabu ya Olimpiki. Mwaka 1952 ilikwenda Edmonton Mercurys, ikatwaa dhahabu nyingine.

Usidhani hiki kilikuwa kikosi cha pili cha wasiofaa. Kuanzia 1942 hadi 1967 ligi kubwa ya kulipwa, NHL, ilikuwa na timu sita tu. Nafasi zilikuwa chache mno kwa nchi ambako kila mtoto anajifunza kuteleza kwenye barafu. Wachezaji hodari kwelikweli walibaki kwenye miji yao, wakaoa, wakapata kazi, wakacheza jioni.

Mji ninaoupenda kuutumia kama mfano ni Trail, kusini mwa British Columbia, kwenye Mto Columbia, karibu kabisa na mpaka wa Marekani. Ukiuelewa Trail umeielewa dhana yote.

Trail ni mji wa kiwanda kimoja. Tangu miaka ya 1890 pale kuna kiwanda cha kuyeyushia madini, kilichokuja kumilikiwa na kampuni iliyojulikana baadaye kama Cominco. Kiliyeyusha risasi na zinki, na mabomba yake yalimwaga moshi wa salfa bondeni. Upepo uliusukuma moshi huo kuvuka mpaka hadi kwenye mashamba ya jimbo la Washington, ukaunguza mazao na misitu. Wakulima wa Marekani walilalamika mpaka serikali mbili zikafikishana mbele ya baraza la usuluhishi, lililotoa maamuzi yake mwaka 1938 na 1941. Kesi hiyo ya kiwanda cha Trail bado inafundishwa kwenye vyuo vya sheria, kwa sababu iliweka msingi kwamba nchi haina haki ya kuacha ardhi yake itumike kuidhuru nchi jirani kwa moshi.

Timu ya mji huo inaitwa Trail Smoke Eaters, yaani Wala Moshi. Wenyeji wanasimulia kwamba jina lilizaliwa mwishoni mwa miaka ya 1920 katika mechi moja huko Vancouver. Mashabiki walikasirika wakarusha vitu uwanjani, kikiwemo kiko cha tumbaku. Mchezaji mmoja wa Trail akakiokota, akakitia mdomoni, akaendelea kuteleza nacho. Gazeti likachora katuni, na jina likaganda. Lingeganda wapi kwingine? Watu hawa moshi waliula kila siku kazini.

Sasa fikiria miaka ya 1930. Uchumi wa dunia umeanguka, vijana wanazurura nchi nzima wakidandia treni za mizigo kutafuta kibarua. Kampuni ya Trail ina ajira, na inaipenda timu yake. Kijana hodari wa gongo la hoki anaitwa, anapewa kazi kiwandani, na jioni anavaa jezi. Halipwi hata senti kwa bao analofunga. Anacholipwa ni zamu yake kwenye tanuri au karakana. Karatasi zote zinasema ni mchezaji wa ridhaa, na ni kweli, lakini bila hoki asingepata ile kazi. Wenzetu wanaokumbuka timu za mashirika na viwanda hapa Afrika Mashariki, za reli, bandari, sukari na bia, hawahitaji kuelezwa zaidi. Mimi siuoni huo kama udanganyifu. Ajira ilikuwa ya kweli, na ilimngoja mtu hata baada ya magoti kuchoka.

Na Trail haikuwa peke yake. Mashariki yake uko mji wa Kimberley, wenye mgodi wa Sullivan uliokuwa mali ya kampuni ileile. Mawe yenye risasi na zinki yalichimbwa Kimberley, yakasafirishwa kwa reli kwenda kuyeyushwa Trail. Timu ya Kimberley iliitwa Dynamiters, kwa jina la baruti ya mgodini. Ilitwaa Kombe la Allan mwaka 1936, na mwaka 1937 ikawa bingwa wa dunia mjini London. Trail ikafuata: Kombe la Allan mwaka 1938, kisha ubingwa wa dunia nchini Uswisi mwezi Februari 1939, ambako ilifunga mabao 42 na kufungwa moja tu katika mashindano yote. Mgodi na kiwanda, kampuni moja, mabingwa wawili wa dunia ndani ya miaka mitatu. Kila ninapofika hapa huwa nasimama kidogo. Miezi michache baadaye vita vikaanza.

Baada ya vita mambo yalibadilika, na aliyeyabadilisha ni Umoja wa Kisovieti. Mwaka 1954 huko Stockholm Wasovieti waliingia kwenye mashindano ya dunia ya hoki kwa mara ya kwanza, wakaichapa Canada 7–2. Canada ilikuwa imewakilishwa na East York Lyndhursts, klabu ya kawaida ya kitongoji cha Toronto. Mshtuko ulikuwa mkubwa, na mwaka uliofuata Penticton Vees, nao wa British Columbia, wakalipa kisasi kwa 5–0 huko Ujerumani Magharibi. Lakini swali lilikuwa limeshaulizwa: ridhaa ni nini hasa? Mchezaji wa Moscow alisajiliwa kama mwanajeshi. Kwa karatasi hakulipwa kwa hoki, alilipwa kama ofisa. Ila kazi yake ya kila siku, mwaka mzima, ilikuwa mazoezi ya hoki. Mchezaji wa Trail alifanya mazoezi baada ya zamu. Wote wawili waliitwa wa ridhaa.

Katika hali hiyo Trail ikaitwa tena mwaka 1961. Bingwa wa Kombe la Allan wa 1960 alikuwa Chatham Maroons wa Ontario. Hao hawakwenda, hivyo Trail, waliofungwa nao fainali, wakachukua nafasi. Bobby Kromm alikuwa kocha na mchezaji kwa wakati mmoja. Golini alisimama Seth Martin, kijana wa maeneo hayohayo. Waliongezewa watu wachache kutoka nje, mmoja wao Jackie McLeod, aliyewahi kucheza NHL na New York Rangers kabla ya kurejeshewa hadhi ya ridhaa.

Mashindano yalikuwa Uswisi, Geneva na Lausanne. Canada ilitoka sare 1–1 na Czechoslovakia, na Wacheki wakawafunga Wasovieti 6–4. Kwa hiyo mechi ya mwisho, tarehe 12 Machi mjini Geneva, ilikuwa na hesabu ngumu. Ushindi peke yake haukutosha. Ili wawapite Wacheki, Trail walipaswa kuwafunga Wasovieti kwa tofauti ya mabao matatu au zaidi, na ndiyo maana kila bao upande wowote lingeweza kupindua kila kitu. Wakafika 4–1. Bao moja la Kisovieti na dhahabu inakwenda Prague. Katika dakika za mwisho Norm Lenardon akaupata mpira (nauita mpira, ingawa ni kisahani kigumu cheusi), akautia wavuni. Ikawa 5–1. Martin akachaguliwa golikipa bora wa mashindano.

Mji wa watu kama 11,000 ulikuwa bingwa wa dunia. Canada haikuupata tena ubingwa huo hadi 1994 nchini Italia, na waliouleta mwaka huo walikuwa wachezaji wa kulipwa.

Trail walitwaa Kombe la Allan kwa mara ya pili mwaka 1962, wakatumwa Stockholm mwaka 1963. Safari hii walimaliza wa nne, na Canada ikarudi mikono mitupu bila medali yoyote, jambo ambalo halikuwahi kuwapata katika mashindano hayo. Wapo waliowalaumu wachezaji. Naona ni kuwaonea. Walikuwa watu wa kiwandani wakipambana na wanajeshi waliokuwa hawafanyi kazi nyingine, pamoja na Waswidi na Wacheki waliokuwa wamepiga hatua kubwa. Klabu ya mji mmoja, hata iwe hodari vipi, ilikuwa imefika mwisho wa uwezo wake.

Padri mmoja Mkatoliki, David Bauer, ambaye familia yake ni ya wanahoki, alikuwa tayari na wazo lingine: kukusanya vijana wanaosoma chuo kikuu, kuwaweka pamoja, kuwafanya timu ya taifa ya kudumu. Timu hiyo ilicheza Olimpiki ya Innsbruck mwaka 1964, na golikipa wake mmoja alikuwa Seth Martin wa Trail. Kuanzia hapo bingwa wa Kombe la Allan hakuwa tena Canada yenyewe. Mwaka 1967 NHL ikaongeza timu kutoka sita hadi kumi na mbili, na wachezaji ambao zamani wangebaki mjini kwao wakapata pa kwenda. Hoki ya wakubwa ikapungua mwaka hadi mwaka. Kombe la Allan lingalipo, ila timu zinazolitafuta ni chache, na jina la Smoke Eaters leo linabebwa na timu ya vijana katika ligi ya British Columbia.

Upanuzi ule wa 1967 ulimfikia na Martin. Alikuwa na miaka 34 St. Louis Blues walipomchukua, akashirikiana golini na Glenn Hall, mmoja wa makipa wakubwa wa historia ya mchezo huo, na timu ikafika fainali ya Kombe la Stanley msimu wake wa kwanza. Kwa mara ya kwanza maishani hoki ilikuwa inamlipa mshahara. Alicheza msimu huo mmoja, akafunga mizigo, akarudi Trail kwenye kazi yake ya zimamoto.