Mbalamwezi inavyozeesha betri za taa za dagaa

Mbalamwezi ikiisha na giza likirudi, ndipo napokea taa mbovu za kuvulia dagaa usiku, nyingi kuliko wakati mwingine wowote wa mwezi. Zinatoka Igombe na Kayenze, kando ya Ziwa Victoria, nyingine zimevuka na meli kutoka Ukerewe, na malalamiko ni yaleyale: "Fundi, hizi betri hazijafanya kazi yoyote. Tulizichaji zikajaa, tukaziweka stoo. Leo hazifiki hata usiku wa manane."

Nikifungua taa ya namna hiyo nakuta seli, yaani betri ndogo za ndani, ambazo kwa macho hazina kasoro. Naweka mita, inasoma volti 4.1, unaweza kuapa ni nzima. Nawasha taa huku mita ikiwa palepale, namba inaporomoka hadi 3.3. Ukinzani wa ndani, yaani kizuizi cha umeme ndani ya seli, umepanda, na seli haina tena nguvu ya kubeba mzigo.

Betri ya lithiamu huzeeka kwa kutumika, hilo wengi wanalijua. Lakini huzeeka pia ikiwa imekaa tu, na hapo ndipo sisi wa ziwani tunapopigwa. Ndani ya seli, upande hasi ni grafiti, aina ya kaboni. Unapochaji, lithiamu husafiri kupitia elektroliti, kile kimiminika cha ndani ya seli, na kuingia ndani ya grafiti hiyo. Grafiti iliyoshiba lithiamu humenyuka na elektroliti inayoigusa, na utando mwembamba hujengeka juu yake. Utando huo ni kinga, bila huo seli isingedumu, ila kila unavyonenepa unakula lithiamu ambayo hairudi tena kazini. Upande chanya nao ukishikiliwa kwenye volti 4.2, yaani chaji imejaa, huichakaza elektroliti kwa namna yake. Joto huharakisha yote mawili. Vipimo vinavyotumika sana katika fani yetu vinaonyesha kwamba betri ya lithiamu kobalti, aina mojawapo ya zile za volti 3.7, ikihifadhiwa mwaka mzima imejaa, kwenye nyuzi joto 40, hubaki na takriban asilimia 65 ya uwezo wake. Ikihifadhiwa na chaji ya asilimia 40 kwenye joto hilohilo, hubaki na karibu 85.

Sasa tazama maisha ya taa kambini. Mwezi una siku 29 na nusu, na siku kumi hivi kati ya hizo mwanga wake hauruhusu kuvua kwa taa. Kwa hiyo karibu theluthi ya mwaka taa imelala, imejaa pomoni, chini ya bati linalowaka mchana kutwa.

Siwalaumu wavuvi hata kidogo. Waliofanya kazi na betri za asidi, zile za pikipiki na gari, walifundishwa kuzijaza kabla ya kuzihifadhi, na walifundishwa sawasawa: betri ya asidi ikikaa na chaji ndogo, salfeti ya risasi hugandia kwenye sahani zake. Na ile kanuni ya kumaliza chaji yote kabla ya kuchaji tena ilitokana na betri za nikeli. Betri za lithiamu zilianza kuuzwa na Sony mwaka 1991, na tabia zake ni nyingine kabisa.

Wakati wa giza, jaza taa yako. Kazi ni kazi, na betri imenunuliwa itumike. Ila paneli ndiyo iwekwe juani. Taa yenyewe ivutie waya ikae kivulini, maana nakuta nyingi zimewekwa juu ya mawe saa saba mchana, plastiki ya moto huwezi kuishika. Mbalamwezi ikikaribia, baada ya usiku wa mwisho wa kuvua, ichaji mpaka ifike nusu tu. Kama ina vitaa vinne vya kuonyesha chaji, viwili vinatosha. Kisha zima, weka chini sakafuni, mbali na bati.

Usiiache sifuri pia. Bodi ya kinga, sakiti ndogo inayoilinda seli, huendelea kunyonya umeme kidogo kidogo, na seli ikishuka chini sana ya volti 2.5 shaba ya upande hasi huanza kuyeyuka. Ukiichaji baadaye, shaba hiyo inaweza kugeuka daraja la kupiga shoti ndani ya seli. Betri za hivyo huwa naombwa kuzibusti, yaani kuzisukumia umeme kwa nguvu ziamke. Nakataa, hata mteja akinuna, kwa sababu taa hiyo italala kwenye mtumbwi katikati ya maji pamoja na watu.

Kwa simu kanuni ni hiyohiyo: kuchaji kidogo kidogo hakuna madhara, na kama simu yako inaruhusu kukomea asilimia 80, washa mpangilio huo. Kuichaji chini ya mto ndiko kubaya.

Ukienda kununua taa mpya, soma maandishi ya betri. Ikiandikwa volti 3.2, hiyo ni lithiamu ya fosfati: nzito kidogo, bei juu kidogo, lakini inavumilia joto vizuri zaidi na huweza kupita mizunguko 2,000 ya chaji, wakati zile za 3.7 nyingi huanza kuchoka kwenye 300 hadi 500. Na siku seli zikifa, mwambie fundi arudishe aina ileile. Bodi ya 3.7 hujaza hadi 4.2, na seli ya fosfati mwisho wake ni 3.65.