Boti ya watu 20, na yule wa ishirini

Kibao kikisema ABIRIA 20 watu wanadhani kuna mtu alihesabu viti. Wapi! Zilihesabiwa kilo, zikagawanywa kwa uzito wa abiria wa kukisia, na huyo wa kukisia ndio mwenye matata yote.

Chukua boti ya kuvusha watu hapa Mombasa, tuseme mwisho wake kilo 1500. Kila mtu kilo 75, unapata 20 kamili. Lakini kama 75 ndio wastani wa kweli wa abiria wako, basi boti ikijaa ni nusu kwa nusu ishazidi! Haya, tuseme watu wetu wepesi kidogo, wastani kilo 70, mchepuko sanifu (yaani uzito wa mtu mmoja mmoja unavyotawanyika kando ya wastani) 14. Jumla ya watu 20 unaitarajia 1400, na mtawanyiko wa hiyo jumla sio 14 mara 20, ni 14 mara kipeuo cha pili cha 20, kama kilo 63 hivi. Zile 100 zilizobaki gawa kwa 63 unapata 1.6, hiyo ndio Z, angalia jedwali la Z linaloigeuza kuwa uwezekano: hatari ya kupita kilo 1500 ni asilimia 5 na nusu. Sasa mmoja ashuke. Watu 19 ni 1330, mtawanyiko 61, Z inaruka mpaka 2.8 na hatari inakuwa safari 3 hivi kwa kila 1000. Nauli moja tu hiyo, yakhe!

Lakini wastani ukiukosea, hakuna kipeuo cha kukuokoa. Kule Baltimore, Marekani, boti ya Lady D ilipinduka Machi 2004 na watu 25, watano wakafa. Sheria ilimkisia mtu ratili 140, kama kilo 63 na nusu, uchunguzi ukakuta wastani wao 168, yaani 76. Baadaye kiwango kikapandishwa hadi 185. (Ajali ya Mtongwe, hapa hapa Mombasa, 1994 haihitaji Z, feri ya watu 300 ilibeba 400, wakafa 272, hiyo ni kutoa tu.)

Tena hesabu yangu inadhani abiria wamechanganyika, mtu na uzito wake. Ikipanda timu nzima ya raga sahau jedwali.

Na mizigo je? Ndoo ya samaki, mfuko wa unga, weka kilo 5 kwa kila kichwa, hao hao 19 wanarudi hatari ya asilimia 11. Ashuke mwingine tena, wabaki 18, ndio unapata kama 6 kwa 1000.