Kabla hujauliza prosesa, inamisha skrini ya laptopu

Nyumba ile ya wageni ya Shela, hapa kisiwani Amu (Lamu), ina ukuta wa chokaa iliyokula miaka. Si mweupe, si wa manjano. Ni rangi ya maziwa yaliyodondokewa na chai. Mwenyewe alitaka nimtengenezee tovuti yenye rangi hiyohiyo nyuma ya picha za vidaka na vitanda. Nikaanza na rangi ya namba #F3E9D8. Kwenye laptopu yangu ikatoka nyeupe tupu. Nikaitia manjano kidogo, nikaitia tena, hadi nikatua #F5DFA0, nikaona sasa ukuta ni wenyewe. Jioni nikamtumia kiungo. Alikuwa barazani, akafungua kwa simu, akanigeuzia kioo chake.

"Bwana, nyumba yangu imeshikwa na homa ya manjano?"

Kweli, ilikuwa siagi. Simu haikuwa na makosa. Mimi ndiye niliyefanya kazi ya rangi kwa skrini isiyoona rangi, nikawa kama mpishi mwenye mafua anayekoleza chumvi kwa kubahatisha. Hela za kazi ile nililipwa, lakini baada ya kurudia kurasa zote.

Nimekumbuka kisa hiki kwa sababu wiki iliyopita mtoto wa dada yangu, aliyeanza kujifunza kutengeneza tovuti, alinitumia picha ya laptopu ya michezo kutoka duka moja Mombasa. (Kipakatalishi, walimu wa Kiswahili mnisamehe, huku mtaani ni laptopu.) Kibodi yake inawaka taa nyekundu kama ngalawa ya harusi. "Mjomba, ni i7, ina kadi ya grafiki, wanasema inakimbia." Ana shilingi 45,000 na subira ya siku mbili. Jibu nililompa ndilo hili, ila hapa nimelitoa maneno ya kifamilia.

Kazi yetu haihitaji mashine inayokimbia. Figma, programu ya kuchorea kurasa, hufanya kazi ndani ya kivinjari, msimbo wa HTML na CSS ni maandishi, na picha ya mashua ya kuweka ukurasa wa mbele haimtoi jasho prosesa yeyote wa miaka hii. Kinachokula wakati wako ni macho yako kudanganywa. Kwa hivyo hela ya kwanza iende kwenye skrini.

Skrini za bei nafuu za zamani nyingi ni za aina ya TN. Ukiinamisha kifuniko kidogo nyuma, rangi hubadilika. Ukiinamisha mbele, hubadilika tena. Yaani hakuna pembe moja unayoweza kuiapia. Za IPS hazina tabia hiyo. Lakini IPS pekee haitoshi, na hapa ndipo wauzaji hunyamaza. Rangi unazoandika kwenye CSS, ile alama ya reli (#) na herufi na tarakimu sita, husomwa kwa kipimo kiitwacho sRGB, kilichotolewa na HP na Microsoft mwaka 1996. Skrini nzuri huonyesha karibu sRGB yote. Laptopu nyingi za ofisini zilitoka kiwandani na skrini zinazoandikwa "45% NTSC" (NTSC ni kipimo kingine cha rangi), ambayo ukiigeuza ni kama asilimia 60 na kitu ya sRGB. Nyekundu huwa ya matofali, na manjano hafifu hupotea kabisa, kama lilivyopotea langu. Ukiona "72% NTSC" au "100% sRGB", hizo mbili karibu ni kitu kimoja, na hapo uko salama.

Dukani hakuna atakayekujibu haya, basi pima mwenyewe. Weka kwenye simu yako picha tatu: ngozi ya mtu, ukuta wa chokaa, na kijivu kinachofifia polepole kutoka nyeusi hadi nyeupe. Zifungue kwenye laptopu, weka simu kando. Inamisha skrini mbele na nyuma. Kwenye kile kijivu tazama upande wa mwanga: ikiwa hatua za mwisho zimemezana zikawa nyeupe moja, hiyo ndiyo mashine itakayokupeleka kwenye homa ya manjano. Simu nazo hutia chumvi kwenye rangi, hasa zenye skrini za OLED, kwa hiyo usitarajie zifanane kabisa. Unachotafuta ni laptopu isiyoficha kitu.

Halafu idadi ya pikseli. Skrini ya 1366 kwa 768 ikate kwenye orodha yako hata ukipewa kwa nusu bei. Toa utepe wa chini wa Windows, toa vichwa vya kivinjari, kimo kinachobaki ni pikseli 600 hivi, na pande zote mbili paneli za Figma zimekaa. Unachora tovuti kupitia tundu la ufunguo. Anzia 1920 kwa 1080. Ukipata ile ndefu kidogo, 1920 kwa 1200, chukua. Mistari 120 ya pikseli ya ziada si mchezo unapoandika msimbo.

Sasa ile i7. Herufi na tarakimu ya mbele ni mapambo, soma zinazofuata. i7-4600U ni ya kizazi cha nne na ina viini viwili vya kufanyia kazi. i5-8250U ni ya kizazi cha nane na ina vinne. Ya pili inaiacha ya kwanza mbali, na bado utamkuta mtu akiiuza ya kwanza kwa jeuri kwa sababu ni "i7". Kizazi cha nane kina sababu nyingine: Microsoft ilifunga msaada wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa Intel rasmi huanzia kizazi hicho. Ndiyo maana za kizazi cha saba kurudi nyuma zimejaa sokoni kwa bei za kukutia tamaa. ThinkPad T470 na T480, laptopu za ofisini za Lenovo, ukiziweka mezani ni pacha, hata mwenye duka huzichanganya. Fungua mipangilio, soma namba ya prosesa, ianze na 8.

RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, iwe GB 16. Nane inatosha hadi siku unapofungua Figma, kihariri cha msimbo, WordPress (programu ya kujengea tovuti) ya kujaribia humohumo kwenye mashine, na vichupo ishirini vya mteja asiyejua anataka nini. Diski iwe SSD, ile isiyozunguka, hilo halina mjadala.

Kinachoua laptopu hapa Amu ni chumvi. Mafundi wa bara hawaijui. Kusi likivuma, dirisha la kwetu likiachwa wazi, asubuhi meza ina utando unaonata kidole. Feni ya laptopu inavuta hewa hiyohiyo siku nzima na kuimwaga juu ya saketi. Yangu ya pili ilikufa hivyo. Fundi alipoifungua, kwenye kingo za tundu la USB palikuwa na ukungu wa kijani kama wa sufuria ya shaba iliyosahauliwa, na mapezi ya kupozea yameshikana vumbi lenye unyevu, gumu kama udongo wa mchwa. Alisafisha kwa spiriti na mswaki, ikaishi miezi mitatu.

Tangu hapo naangalia mambo mawili. Je, inafunguka kwa bisibisi ya kawaida, na ndani yake je, kuna kitu cha kubadilishwa? T480 ina nafasi mbili za RAM, betri ya nje inayochomoka na nyingine ndogo ndani, na hata skrini yake fundi mzoefu anaweza kuibadilisha na kuweka bora. Laptopu ya michezo ya mtumba ni kinyume chake kwa mji wetu: feni mbili kubwa, yaani hewa ya chumvi mara mbili, na chaja inayoweza kufika wati 180 au zaidi. Umeme ukikatika, ile sola yetu ndogo ya nyumbani itaikimbia. T480 inachajiwa kwa tundu la USB-C, wati 65 zinaitosha.

Kuna upande wa MacBook Air ya M1, ile ya Apple ya mwishoni mwa 2020. Haina feni kabisa, na skrini yake haina mjadala. Pia ina Safari, kivinjari cha iPhone, na wageni wengi wa nyumba za hapa hufungua tovuti kwa iPhone, kwa hivyo kuiona tovuti kama waionavyo wao ni faida. Lakini RAM na diski vimechomelewa. Ulichonunua ndicho utakachozikwa nacho, na kwa shilingi 45,000 ukiipata, uliza mara mbili imetoka wapi.

Kwa mtumba wowote pima betri kabla hujatoa pesa. Kwenye Windows fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport, itakupa ripoti yenye uwezo wa betri ilipokuwa mpya na uwezo wa sasa. Ikiwa imebaki nusu, bei nayo ipungue.

Kijana alinuna siku moja, kisha akanunua T480 yenye i5-8350U na GB 16. Skrini ni IPS ya kawaida, ile ya asilimia 45, na tumekubaliana skrini bora itanunuliwa akipata mteja wa kwanza. Ilikuja kwa basi hadi Mokowe, gati la upande wa bara. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini Kenya tangu 2017, kwa hiyo alivuka nayo kwa boti ndani ya ndoo ya rangi yenye mfuniko, imezungushiwa kikoi. Alipofika Mkunguni alikuwa amelowa hadi kifuani, ndoo kavu.

Tulifungua picha ya ule ukuta wa Shela. Akainamisha skrini mbele na nyuma, akasema, "Mjomba, twende nje tuufananishe na ukuta wa kweli." Tukatoka hadi kwa jirani. Skrini ile ina mwanga wa niti 250 tu, na lilikuwa jua la saa saba. Tulichokiona ni nyuso zetu wawili, na paka wa jirani nyuma yetu. Tukarudi ndani, tukafunga dirisha.