Kodi ya faida inagusaje ajira?

Kodi ya faida hukatwa kwenye kilichobaki, si kwenye kilichouzwa. Wanaosema "mkimkamua tajiri atapunguza watu" wengi hulisahau hilo.

Chukua kampuni ndogo yenye bekari pale Temeke. Tajiri anataka kuongeza mwokaji wa shilingi 400,000 kwa mwezi, yaani milioni 4.8 kwa mwaka. Mikate ya huyo mwokaji, ukishatoa unga, hamira na umeme, itaingiza milioni 6. Mshahara ni gharama, hivyo hutolewa kabla ya TRA kupiga hesabu yao. Inabaki milioni 1.2. Kwa asilimia 30 kodi ni 360,000, tajiri anabaki na 840,000. Kiwango kikishuka hadi 20 atabaki na 960,000. Kote kuwili inamlipa kuajiri. Wateja wakiwa haba na mikate ikaingiza milioni 4 tu, hataajiri hata kodi ikiwa sifuri.

Inayoigusa ajira moja kwa moja ni tozo inayofuata mishahara yenyewe. Tanzania tunayo: SDL, tozo ya kuendeleza ufundi stadi, ambayo mwajiri anayehusika hulipa awe amepata faida au hasara. Ilikuwa asilimia 6 hadi 2013, ikashushwa kidogo kidogo mpaka 3.5 mwaka 2023. Vijiweni ni nadra kuisikia ikitajwa.

Kodi ya faida nayo ina makali yake, ila ya polepole. Bei ya tanuri jipya haitolewi yote kwa mkupuo, hugawanywa kwa miaka kama uchakavu. Kodi ikiwa kubwa, tajiri huahirisha kununua tanuri, na nafasi ya mwokaji wa kulihudumia haizaliwi.

Jimbo la Kansas, Marekani, lilijaribu kinyume chake. Mwaka 2012 gavana Sam Brownback alisaini sheria iliyofuta kodi ya jimbo kwa biashara ambazo faida yake huhesabiwa kama mapato ya mwenyewe. Ajira zikaongezeka kwa kasi ndogo kuliko ya nchi nzima, na hazina ya jimbo ikapwaya. Mwaka 2017 bunge la jimbo, lililojaa watu wa chama chake, liliirudisha kodi hiyo licha ya kura yake ya turufu. Msamaha ule ulikuwa umewafaa pia watu wasioajiri yeyote: ilitosha kipato chako kiitwe biashara badala ya mshahara.