Homa baada ya kuingia pangoni: usianzie duka la dawa

Popo anahusianaje na Marburg?
Marburg ni ugonjwa wa homa kali unaoua. Virusi vyake hukaa kwa popo mla matunda anayelala mapangoni na kwenye mashimo ya migodi. Vimo kwenye mate, mkojo na kinyesi chake, naye haugui. Anayechimba madini au kuzoa mbolea ya popo humo ndiye wa kujihadhari.

Dalili za Marburg?
Homa kali ya ghafla, kichwa, maumivu ya misuli, halafu kutapika na kuharisha. Huanza kati ya siku 2 na 21 baada ya kuambukizwa.

Si malaria hiyo?
Hapa ndipo tunapozika watu. Mgonjwa anameza dawa mseto za dukani siku tatu, anaongeza sindano ya jirani, analetwa kwetu kituoni hajitambui. Homa baada ya pango au mgodi ni ya kituo cha afya, siku hiyohiyo. Na utaje hilo pango bila kungoja kuulizwa.

Lakini hatoki damu.
Usingoje damu! Damu huja siku za mwisho, na wengine hufa bila kutoka hata tone. Njoo na homa.

Kipimo kimeonyesha malaria.
Unaweza kuwa na vyote viwili. Bado njoo.

Kuna tiba?
Dawa maalumu iliyoidhinishwa bado, ila kuwahi kunaokoa. Rwanda mwaka 2024 waliugua 66, wakafa 15. Wengi wa waliougua walikuwa wahudumu wa afya wenzetu. Waligunduliwa mapema, wakatundikiwa dripu, wakapewa na dawa za majaribio. Biharamulo, hapa Tanzania, mapema 2025, waliugua 10 na wote 10 wakafa. Wanane walishakufa kabla mlipuko haujathibitishwa. Linganisha mwenyewe.

Basi tuwaue popo?
Uganda walijaribu. Baada ya wachimbaji kuugua mgodi wa Kitaka mwaka 2007, popo waliangamizwa. Wakahamia wengine, na watafiti walipowapima walikuta karibu 13 katika kila 100 wana virusi. Mwanzo walikuwa kama 5. Mwaka 2012 ugonjwa ukalipuka Ibanda, jirani na hapo. Waacheni popo, wanachavusha miti na kusambaza mbegu. Tunda lililong'atwa tupeni.

Marehemu tumwoshe wenyewe?
Hapana. Mwili wa aliyekufa kwa Marburg bado unaambukiza. Msiuguse, pigeni simu 199 ya Wizara ya Afya. Na aliyemuuguza akipata homa, aje siku hiyohiyo, asipitie dukani.